Jua la Misri, Jua la Nyanda za Kati

Kaeni kivulini, wajukuu zangu, maana jua la mwezi wa kumi hapa Dodoma halina huruma. Mibuyu imesimama mitupu, mbuzi wamejibanza chini ya migunga, na kila mtu mzima anayepita njiani anainua uso kutazama mbingu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Ikichelewa, mtama na uwele vinachelewa. Ikikatika katikati, njaa inabisha hodi.

Nimeanza na jua kwa sababu nimewasikia mkibishana juu ya Ra, mungu jua wa Misri ya kale, na Anubis mwenye kichwa cha mbweha, na Seth aliyemuua ndugu yake. Mmewaona kwenye katuni na kwenye michezo ya simu. Ni hadithi kubwa, zinastahili kupendwa, na leo nitawasimulia baadhi yake. Lakini kila nikiwapa ya Misri nitaweka kando yake ya kwetu, ya nyanda hizi za kati, kuanzia Ugogo hadi Kondoa, Singida, Mbulu na Ziwa Eyasi. Mtoto wa Dodoma anayemjua Anubis na hamjui Ishoko wa Wahadzabe amepunjwa, nami nataka kumrudishia haki yake.

Tuanze alfajiri. Wamisri walisema jua husafiri angani kwa mashua, kwa sababu wao wenyewe safari zao kubwa walizifanya kwa mashua, juu ya mto Nile. Jua la asubuhi waliliita Khepri, wakalichora kama mdudu. Mdudu gani? Yule mnayemwona kila siku karibu na zizi, anayeviringisha donge la mavi ya ng'ombe kwa miguu ya nyuma. Walimtazama akisukuma donge lake kwa bidii, wakasema hivyo ndivyo jua linavyosukumwa kutoka chini ya dunia. Mchana likawa Ra, mwenye kichwa cha kipanga. Jioni likawa Atum, mzee aliyechoka. Usiku mashua ilipita kuzimu, na huko joka Apep lililala likingoja kuimeza. Ilikuwa vita kila usiku. Jua likichomoza, watu walijua kwamba Ra ameshinda tena.

Mnaweza kushangaa kwamba watu waliojenga piramidi walimheshimu mdudu wa zizini. Basi jueni kwamba Wasandawe, jirani zetu wanaoishi kati ya mto Bubu na mto Mponde, upande wa Chemba, walimheshimu vunjajungu. Kwao alikuwa mjumbe. Akionekana, mtu mwenye ujuzi wa mambo ya mizimu aliulizwa mgeni huyo ameleta habari gani. Watu wa kale, wa huku na wa huko, walikuwa wanatazama. Mdudu akipita mbele yao waliuliza kwa nini amepita.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nafika kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Wamisri walisimulia kwamba zamani za zamani mbingu na nchi zilikuwa zimekumbatiana. Mbingu alikuwa mwanamke, Nut. Nchi alikuwa mwanamume, Geb. Hapakuwa na nafasi kati yao, hata mti usingeweza kusimama. Baba yao Shu, mungu wa hewa, akaingia katikati, akamwinua binti yake kwa mikono miwili, na mpaka leo amesimama hivyo hivyo. Ndiyo maana Nut amejipinda juu yetu, vidole vya mikono vikigusa upande mmoja wa dunia na vya miguu upande mwingine, na mwili wake umejaa nyota. Jioni hulimeza jua, asubuhi hulizaa upya. Mtauliza: mbona umetuambia jua husafiri kwa mashua kuzimu? Wamisri walizisimulia zote mbili, wala hawakuona kwamba moja inaifuta nyingine.

Wahadzabe nao wana yao. Hawa ni watu wa bonde la Ziwa Eyasi, wachache sana, elfu moja na kitu tu, na baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa upinde, kwa asali ya msituni na kwa mizizi inayochimbwa kwa kijiti. Wao wanasema hapo mwanzo dunia ilikuwa kinyume: mbingu ilikuwa chini, ardhi ilikuwa juu. Kisha wakaja wawili, mume na mke. Mke ni Ishoko, naye ni jua. Mume ni Haine, naye ni mwezi. Wakaikunja mbingu na wakaikunja ardhi, kama ngozi mbili za mnyama, wakabadilisha nafasi zake, wakazitandaza upya: ardhi chini, mbingu juu. Tangu siku hiyo tunatembea tunakotembea.

Tazameni jinsi kila watu wanavyotumia kilicho mkononi mwao. Mwindaji anajua ngozi. Amechuna, amekunja, amebeba begani, ametandaza akalala juu yake. Anapotaka kueleza jinsi ulimwengu ulivyopangwa, anatumia ngozi. Na tazameni jambo la pili: Mmisri anahitaji Shu asimame milele na mikono juu, asije akachoka mbingu ikaanguka. Mhadzabe hana hofu hiyo. Kwake kazi ilifanywa mara moja, na mke na mume wakisaidiana, ikaisha.

Ishoko hakuishia hapo. Katika baadhi ya masimulizi ndiye aliyewafanya wanyama, hata watu. Lakini kati ya viumbe wake walikuwamo jitu moja na mkewe walioanza kula watu. Ishoko alipoona, aliwaua, akawaambia kwamba wao si watu tena. Ninyi mnaojua habari za Anubis mnakumbuka mizani yake: moyo wa marehemu upande mmoja, unyoya wa Maat upande wa pili, na Thoth, karani wa miungu, amesimama na kalamu akiandika. Moyo ukielemewa na uovu, unatupiwa dubwana Ammit mwenye kichwa cha mamba. Maat ni haki, ni mpango mwema wa ulimwengu. Wamisri walihitaji ukumbi, mizani na karani ili kuhukumu. Ishoko alihukumu kwa sentensi moja: anayekula watu ametoka katika utu. Mimi hukumu hiyo naiona nzito sawasawa na ile ya mizani.

Kuna pia Indaya. Huyu, Wahadzabe wanasema, alikufa, akaenda nchi ya jirani zao Waisanzu, kisha akarudi, na aliporudi aliwaletea watu wake mila na vitu ambavyo hawakuwa navyo. Mwekeni karibu na Osiris, mfalme aliyewafundisha Wamisri kilimo, akauawa na nduguye Seth, na mkewe Isis akazunguka nchi nzima akiutafuta mwili wake. Osiris aliamka, lakini hakurudi kutawala walio hai. Akawa mfalme wa wafu, na kiti chake akakirithi mwanawe Horus. Indaya alirudi nyumbani.

Hapo naomba msikimbilie kusema kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Wako watu wanaopenda kusema kila kitu cha Afrika kilianzia Misri. Sioni haja. Binadamu yeyote aliyefiwa anajiuliza kama aliyekwenda anaweza kurudi, na swali hilo halihitaji kuvuka jangwa ili limfikie mtu wa Eyasi.

Je, jua ni mama au ni baba? Ni rafiki au ni adui? Hapa ndipo nyanda zetu zinaponifurahisha. Wairaqw wa Mbulu wanaliita jua Loo'a, ni mwanamke, ni mama aliyeumba, na ni mwema. Wanaowaogopa sana ni Netlangw, mizimu ya kiume inayokaa katika chemchemi na mito. Mtoto hachezi ovyo penye chemchemi. Wazee wa Kiiraqw wana sala yao inayoitwa slufay, inayosemwa kwa maneno ya kishairi yaliyopangwa, kiongozi akisema na watu wakiitikia, kuombea nchi yao. Wanyaturu wa Singida nao walilisifu jua.

Lakini teremkeni kwa Wasandawe mkawaulize. Kwao jua linatoa uhai, kweli, lakini linatisha. Anayependwa ni mwezi. Mwezi ni baridi, mwezi huleta mawingu ya mvua, mwezi ndio unaohesabu siku za wanawake na kuleta watoto. Chini ya mbalamwezi walicheza ngoma iitwayo phek'umo, ili watu wazae na nchi izae.

Kwa nini tofauti hiyo, na hali umbali wao si mkubwa? Nitawaambia ninavyofikiri mimi. Mbulu ni juu, kuna ukungu, kuna baridi ya kuuma mifupa, na maji yanabubujika kila bonde. Mtu wa huko akiamka asubuhi anachokitamani ni jua. Usandawe ni tambarare kavu, miezi saba jua linachoma. Mtu wa huko anachokitamani ni jioni. Kila mmoja aliipa mbingu sura ya kile anachokihitaji zaidi. Wahadzabe wananivurugia hesabu hiyo, maana Eyasi ni joto kali na bado Ishoko ni mama mwema. Tena ngoma yao takatifu, epeme, huchezwa usiku wa giza usio na mwezi, wanaume wakiwa na njuga miguuni na wanawake wakiimba. Fikra yangu basi haifiki kila mahali, na ninyi mkikua mtatafuta iliyo bora.

Wamisri walilijua jua kwa sura zote mbili, na hapa ndipo anapokuja Sekhmet.

Ra alizeeka. Mifupa yake ikawa fedha, nyama yake ikawa dhahabu, nywele zake zikawa jiwe la buluu. Watu walipoona amezeeka wakaanza kumpangia njama. Ra akaita miungu wenzake, wakashauriana, akatuma jicho lake dhidi ya watu. Jicho hilo ni mungu wa kike, Hathor, ambaye siku nyingine ni mpole kama ng'ombe wa maziwa. Siku hiyo aligeuka simba jike, Sekhmet. Akaingia jangwani akaua, akanywa damu, akaipenda ladha yake. Jioni akarudi akisema kesho ataendelea. Ra akaona huruma: nikimwachia, kesho hatabaki mtu. Usiku ule akaamuru pombe ya shayiri ipikwe kwa wingi, akaagiza udongo mwekundu kutoka kusini, kisiwa cha Elephantine, ukachanganywa humo mpaka pombe ikafanana na damu. Mitungi 7,000. Ikamwagwa mashambani kabla hakujapambazuka. Sekhmet alipofika aliona ziwa jekundu, akaona uso wake humo, akainama akanywa, akanywa mpaka akalewa, akasahau watu, akaenda zake kulala. Binadamu wakapona.

Mwanangu wa Dodoma, hebu angalia vitu vitatu vilivyomo katika hadithi hiyo: simba, pombe ya nafaka na udongo mwekundu. Vyote vitatu viko hapa.

Simba: Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo. Wachezaji hucheza mpaka wanapandwa, wanatembea kama simba, wananguruma kama simba, na kwa nguvu hiyo wanapambana na wachawi wanaodhuru kijiji. Kwa Wamisri, simba alikuwa hatari ya kulazwa usingizi. Kwa Wasandawe, watu wema ndio waliovaa usimba ili kuwalinda wenzao.

Pombe na udongo mwekundu: twendeni Kolo. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Arusha, ukapita Kondoa, mwendo wa kilomita 180 hivi, unafika kijiji cha Kolo, penye ukingo wa Bonde la Ufa. Vilimani kuna mapango na miamba iliyoinama kama paa, na juu ya miamba hiyo kuna michoro. Zaidi ya mapango 150, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikuja mwaka 1951 akanakili michoro mingi kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia.

Michoro ya kale zaidi ni myekundu, imechorwa kwa udongo mwekundu wa ardhi hii. Utaona twiga, tembo, pofu. Utaona watu warefu wembamba, miili imenyooka kama fimbo, vichwa vyao vikubwa vya mviringo. Baadhi wana sura ambayo si ya mtu kabisa, kama Anubis alivyo na mwili wa mtu na kichwa cha mbweha. Wataalamu wanaona wachoraji walikuwa wawindaji, watu wanaofanana kimaisha na Wasandawe na Wahadzabe. Juu yake ikaja michoro mizito ya rangi nyeupe, ya wakulima waliofika baadaye.

Pango linaloitwa Mungumi wa Kolo bado linatumika. Wazee wa Kirangi hupanda huko kuomba mvua na kuombea wagonjwa, wakatoa mbuzi, wakamimina pombe ya nafaka. Wanaoomba leo si wajukuu wa waliochora ile michoro myekundu, lakini walipoona mahali pale waliheshimu, wakaendelea na sala yao wenyewe. Mahekalu ya Misri tunayatembelea kama majumba ya wafu. Mungumi wa Kolo ni hekalu lenye waumini.

Nimetaja mvua, na hapo ndipo sisi na Misri tunapoachana. Misri mvua ni haba mno, mto ndio uliolisha nchi. Kila mwaka Nile ilifurika, ikaacha tope jeusi mashambani, na mafuriko hayo yalikuwa na mungu wake, Hapi, mwanamume mwenye kitambi na matiti ya kunyonyesha, ishara ya shibe. Maji mengi ya mafuriko yalitoka milima ya Ethiopia. Lakini Nile Nyeupe inatoka Ziwa Victoria, na mito ya Mara, Simiyu na Kagera inamimina humo, kwa hiyo sehemu ya baraka za Hapi iliteremka kutoka Tanzania. Mvua ya Dodoma yenyewe haifiki kule. Bubu unaishia kwenye bwawa la Bahi, na maji mengine yanakwenda Bahari ya Hindi.

Wagogo hawakuwa na Nile. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Mulungu yuko, ni mmoja, yuko mbali; walio karibu ni wahenga waliotutangulia, na hao ndio wanaoombwa wapeleke maombi. Hakuna hekalu wala sanamu wala orodha ndefu ya majina. Kulikuwa na mtemi na mawe ya mvua aliyoyarithi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhakikisha nchi yake imekaa vizuri: mvua inanyesha, ng'ombe wanazaa, watu hawaugui. Utemi ulifutwa na sheria mwaka 1963, lakini wazee wanaokumbuka bado wapo.

Nchi ilipokaa vibaya, ng'ombe wakifa au mvua ikigoma, wanawake wa Kigogo walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki, wakachunga ng'ombe, wakacheza ngoma za kiume. Kisha wakaubeba ule ubaya, wakaupeleka mpakani mwa nchi, upande wa magharibi, wakautupa huko. Magharibi ndiko baya linakotupwa. Mashariki ndiko kwema. Wamisri waliwazika wafu wengi ng'ambo ya magharibi ya Nile, jua linakozama, na Osiris aliitwa mkuu wa watu wa magharibi. Lakini tofauti ipo: kwa Mmisri magharibi palikuwa pa kutumainia, penye maisha mengine.

Waisanzu, kaskazini mwa Singida, walikuwa na watawala wawili wa mvua, mwanamume na mwanamke, kwa sababu mvua ni uzazi, na uzazi unahitaji wawili. Ishoko na Haine wangewaelewa mara moja.

Najua wengi wenu mnakwenda kanisani au msikitini, na siwaombi mwabudu jua wala mwezi. Hata Wamisri wenyewe waliacha. Andishi la mwisho la maandishi yao matakatifu ya picha lilichongwa katika hekalu la Philae mwaka 394. Baada ya hapo hakubaki aliyejua kusoma, na miungu ile yote ikakaa kimya ukutani zaidi ya miaka 1,400, mpaka mtaalamu Jean-François Champollion alipofumbua maandishi hayo mwaka 1822. Waliokolewa na jiwe. Ra, Nut, Sekhmet, wote mnawajua kwa sababu mtu alichonga na mtu akasoma.

Ishoko hajachongwa popote. Loo'a hana hekalu. Maneno ya slufay yako vinywani mwa wazee, na mzee akizikwa nayo yanazikwa. Nchi yenye makabila haya yote pembeni mwa makao makuu yake ina kazi ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji shahada. Likizo ikifika, mkienda kwa bibi na babu, waulizeni: mvua iliombwaje hapa? Kilima gani hakikatwi kuni? Mwezi uliitwa nani, ni mume au mke? Andikeni kwenye daftari, kwa lugha ile ile waliyotumia, na chini yake muandike jina la msimulizi, kijiji na mwaka. Mkipelekwa Kolo na shule, nendeni na mlinzi wa mahali, msiiguse michoro, msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, wala msimfuate anayechimba mapangoni akitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Udongo mwekundu ukishafutika juu ya jiwe, hakuna anayeweza kuurudisha.